Meli Siku Yake, Kituo Siku Yangu

Mke mwenzangu alikuwa haketi mpaka apapase kiti kwanza. Anapitisha kiganja juu ya kitambaa polepole, kama anayetafuta makombo, ndiyo anashusha mwili. Hata kwangu, kwenye sofa niliyoipangusa mwenyewe asubuhi ileile. Nikawa namwambia, papasa vizuri mdogo wangu, nimekutegea sindano. Hacheki. Anaweka chupa yake ya chai miguuni, anavuta ushungi, anauliza, "Rimoti iko wapi, dada?" Sauti nyembamba, ya mtu anayesema huku uzi kaubana menoni. Mimi nikiitoa sauti hiyo, binti yangu hugeuka akaangalia mlangoni.

Mnaokaa haya majengo ya Dixon, hapa Toronto, mlimwona, ila mlipita tu. Yule mrefu wa koti la kahawia, analivaa hata joto la Julai, akiingia kwenye lifti anazikodolea macho namba za ghorofa zinavyobadilika, kama anayehakikisha hazimdanganyi. Jina lake nalijua na nyinyi hamna kazi nalo. Kwangu mimi alikuwa mke mwenza, na jina hilo peke yake laweza kumpeleka mtu kaburini.

Mume alikuwa mtu wa reli, Tanga. Mimi wa kwanza, nyumba yangu Chumbageni. Yeye wa pili, nyumba yake Ngamiani. Zamu siku mbili mbili, na siku inageuka magharibi ikiadhiniwa. Magharibi ikiingia yuko kwangu, ni wangu; ikiingia yuko kwake, ni wake, na mimi nafunga mlango nalala. Hivyo tuliishi, hatugombani, hatuchekeani. Watu wakisema wake wenza ni kama paka na panya hawasemi kweli. Wake wenza ni kama watu wawili wanaochota kisima kimoja: kila mmoja anaitazama kamba ya mwenzie.

Mume akafa. Watoto wakakua, wakahama. Mwana wa mke mwenzangu akatangulia huku Toronto, anapakia mizigo kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Binti yangu akamfuata kaka yake, wakapanga jengo moja, maana watoto wa baba mmoja hawana ugomvi wa mama zao. Kisha kila mmoja akamleta mama yake. Yeye ghorofa ya kumi na moja, mimi ya nne. Tumevuka bahari na mabara kuja kupanda lifti moja.

Sasa niwaambie kitu ambacho mkikijua mtaelewa mengine yote. Mume wangu alifia kwake, siku yangu.

Nilikuwa nimeshapika. Magharibi imeshaadhiniwa, samaki wa nazi yuko mezani, nasubiri mlango. Hata isha haijafika, akaja jirani wa Ngamiani anahema, anasema bwana amefariki kwa mke mdogo, kitandani. Msiba wote ule sikulia vizuri, kwa sababu kila aliyenishika mkono macho yake yalikuwa yanauliza lile ninalojiuliza. Alikwenda kufanya nini kule, siku si ya kule? Wengine hawakuuliza kwa macho. Wifi yangu alisema wazi, kwa ile sauti yake ya kupanda mnazi, "Mdogo kamvuta. Mdogo daima anavuta." Nikakaa eda kwangu, yeye akakaa eda kwake, na mpaka tunafika Kanada sijawahi kujua.

Nilimuuliza, ndiyo. Mara moja tu, hapahapa, jikoni kwake, theluji inaanguka. Akasema, "Alifika, akafa. Mungu ndiye ajuaye." Akaendelea kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshatakata.

Na huyo ndiye mtu ambaye hasemi uongo hata wa kuokoa adabu. Mtu akimpigia simu, wajukuu wanamwambia bibi sema umelala, yeye anaichukua simu anasema, "Nipo macho. Sitaki kuongea." Anakata. Alialikwa harusi Richmond Hill kwa watu wenye uwezo, nyumba ina ngazi mbili, bibi harusi akamuuliza nguo yangu umeionaje shangazi, akamjibu, "Nzuri. Imekubana." Nilikuwa pembeni yake natamani zulia linimeze.

Haki aliiweka mbele kuliko huruma. Chapati akikata, anapima kwa kidole gumba. Siku moja tulipewa embe moja na binti yangu, embe la hapa, halina hata harufu, akalikata akaona upande wangu una nyama zaidi. Akachukua kisu, akamega kipande, akakirudisha upande wake. Kisha akaona sasa wake umezidi. Tulikaa pale mpaka embe likawa uji. Nikamwambia, mdogo wangu, hili embe limekufa kwa haki.

Mama mmoja Mkongo wa ghorofa yangu alikuwa akitukuta kwenye korido na vikombe vyetu, anashika kiuno. "Bamama, bwana alikuwa moya, na chai munakunywa pamoya? Kwetu iko makofi." Mke mwenzangu anamjibu kwa utulivu wote kwamba bwana hayupo, chai ipo. Yule mama akicheka, jengo zima linajua.

Televisheni ilianza hivi. Baridi yetu ya kwanza, watoto kazini, wajukuu shule, wakirudi tunawasemesha Kiswahili wanatujibu Kiingereza. Nimekaa ndani nimekuwa kama gunia. Nikapanda kwake kuazima chumvi, chumvi ninayo. Nikamkuta kakaa mbele ya kioo, wanaume wamevaa nguo za kubana wako ndani ya chombo, nje giza na nyota. Nikauliza hawa ni malaika au mafundi umeme. Akasema nyamaza, dada, Nahodha anasema.

Ilikuwa chaneli moja ya marudio, hadithi mbili za huko angani, leo moja kesho nyingine. Moja tuliiita Meli. Ni chombo kinatafuta dunia ya kukaa watu. Abiria wote wamelazwa kwenye masanduku ya baridi kama kuku wa friji, ila Nahodha yeye usingizi hauji. Anatembea kwenye korido na kikombe, anagusa kila sanduku. Nyingine tuliiita Kituo. Hicho hakiendi popote. Kimening'inia mwisho wa giza, kinatengeneza vyombo vya watu. Ndani mna soko, mna mama wa supu, na mkubwa wao ni bibi mwenye mvi anayefokea kila mtu. Mimi nilipomwona yule bibi tu, nikasema huyu ni wangu.

Mke mwenzangu hakuchelewa. Siku ileile akatoa hukumu. "Siku ya Meli unapanda kwangu. Siku ya Kituo nashuka kwako." Sikumuuliza kwa nini. Tulikuwa tunajua zamu zaidi ya tunavyojua majina yetu.

Kiingereza alikuwa nacho kidogo, cha hospitali, maana aliwahi kuhudumia wagonjwa Tanga. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipeleka vitumbua. Basi yeye ananipa maana, mimi natia sauti. Tunapunguza kelele za Wazungu, ananinong'oneza Nahodha anasema mafuta yatakwisha, nami nakisema kwa sauti ya Nahodha, kavu, ya mtu ambaye macho yanamwasha. Bibi wa Kituo nilimpa sauti ya wifi yangu. Mke mwenzangu akicheka hatoi sauti, mabega tu ndiyo yanapanda na kushuka. Kumpandisha yule mabega ilikuwa kazi, na mimi niliifanya kwa moyo.

Kisha siku moja kwenye Kituo akapita fundi mzee, anafunga bomba. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hana. Mke mwenzangu akanishika goti. Akasema, "Huyo ni wa kwetu." Na kweli. Kwenye Meli kulikuwa na kijana aliyekatwa kidole siku ya moto, mbele ya macho yetu, na mimi ndiye niliyempigia ukelele. Kwenye Kituo hawakusema ametoka wapi. Uso umezeeka, mwili umenenepa. Lakini pengo lilikuwa palepale.

Tangu hapo hakuangalia tena hadithi. Aliangalia undugu. Mama wa supu wa Kituo akikoroga, anavuma wimbo kwa pua. Mke mwenzangu akainua kidole, akasema wimbo huo kwenye Meli mama mmoja alimbembelezea mtoto. Basi yule mtoto ndiye huyu wa supu. Meza ya hotelini Kituo ina alama ya kuungua pembeni. Ule ni mlango wa Meli, umelazwa ukawekwa miguu. Yalikuwa hayamponyoki. Ananipigia simu asubuhi kabla sijanywa maji, anasema, "Dada, ile kofia ya mlinzi. Nimekumbuka nilikoiona." Hana salamu. Mtu mwingine akiota usiku anaota wazazi wake, yeye anaota kofia.

Mwanawe siku moja, Ijumaa, tumekula wote pamoja, akatueleza kwa Kiswahili chake cha nusu na nusu kwamba hadithi zile mbili zimetungwa na watu walewale, ndiyo maana zinatajana. Mke mwenzangu akatafuna, akameza, akafuta mdomo. "Basi ni baba mmoja, mama mbalimbali," akasema. "Wana haki ya kutembeleana." Mwanawe na binti yangu wakaangalia sahani zao. Mimi nikachukua pilipili ambayo sikuitaka.

Kosa letu kubwa lilitokana na haki hiyohiyo. Nadhani ni kosa wanaloliweza wake wenza peke yao. Chaneli walitangaza mapema kwamba siku fulani Nahodha wa Meli atapita Kituo. Atakuja atengenezewe chombo, alale siku moja, aondoke. Ilikuwa siku ya Kituo, yaani siku yangu, nyumba yangu. Mwenzangu akashuka. Nikafungua mlango nikapigwa na harufu ya udi. Kavaa dira jipya, kajifunga kanga mbili za doti moja, mkononi sahani ya kaimati. Akapita, akapapasa sofa, akakaa katikati. Pale katikati ndipo ninapokaa mimi.

Nikamuuliza, kuna sherehe? Akasema mgeni wake anakuja. Nikamwambia, mgeni wako anakuja kwangu. Akasema, "Kwako anapita tu. Mtu ni wangu, nimekaa naye tangu mwanzo."

Mngekuwepo mngecheka. Vikongwe wawili, ghorofa ya nne, tunagombea Mzungu aliye kwenye kioo. Lakini sikucheka. Nahodha akaingia Kituo, kikombe mkononi, bibi wa mvi akampokea, na mwenzangu akawa hanitafsirii. Anasikiliza peke yake, kanyoosha shingo. Nikangoja aniambie anasema nini, nitie sauti. Ni siku yangu, kwenye nyumba yangu, kwenye hadithi yangu, na mimi sijui mtu anasema nini. Ndipo likanitoka.

"Hata hapa," nikasema, "umekuja kunichukulia siku yangu."

Aliangalia kioo mpaka chombo cha Nahodha kikawashwa kikaondoka. Akafunga chupa ya chai, kaimati akaziacha. Mlangoni akasimama kidogo na mgongo wake mrefu ule, nikadhani atasema. Akavuta mlango taratibu, kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Tuliachana muda mrefu. Theluji ikaisha, miti ikatoa majani, kwenye lifti tunatazama namba. Mama Mkongo akaniambia, "Sasa munafanana mabibi ya kweli ya bwana moya." Kituo nikakiangalia peke yangu, nikampa bibi maneno ya kubuni, hayakuwa na ladha. Kisha siku moja ya Kituo nikasikia hodi. Kasimama na mkate wa ufuta umefungwa kitambaa. Hakuomba radhi, wala mimi sikuomba. Akapapasa sofa, akakaa pembeni, akasema nimekosa mangapi.

Kilichofuata baada ya hapo ndicho kilichonifanya nimtazame kwa jicho jingine. Tumekaa kwangu, kwenye Kituo wanasherehekea, bibi wa mvi akainua glasi, watu wote wakasimama. Mwenzangu akafungua mdomo anitafsirie, akaufunga. Nikamsukuma kwa kiwiko. Akasema wanamkumbuka Nahodha. Marehemu Nahodha.

Nikamwambia haiwezekani, jana tu kwako tulikuwa naye. Akaeleza, polepole, macho hayaondoki kwenye kioo. Kituo kimekwenda mbele miaka mingi. Meli iko nyuma. Wa huku wanajua yatakayowapata wa kule. "Kwako anaitwa marehemu," akasema. "Kwangu bado anakunywa chai."

Kesho yake nikapanda ghorofa ya kumi na moja. Televisheni kaifunika shuka. Akaniambia Meli basi, hatuiangalii tena. Nikamuuliza sababu. Akasema tukiiangalia atakufa. Nikamwambia ameshakufa, kwangu wamemnywea glasi. Huku kwako ndiko tutakakoona amekufaje, na mimi nataka kujua amekufaje.

"Ukijua utamfufua?"

"Sitamfufua. Nitalala."

Aliniangalia. Wote wawili tulijua kwamba hatumsemi Mzungu. Nikangoja. Nilikuwa na miaka mingi ya kungoja, ile dakika moja haikuwa kitu. Akainuka, akaenda kuosha vikombe. Shuka ile haikuondoka, na kwa kuwa siku ilikuwa yake, sikuigusa. Nahodha mpaka leo sijui alikufaje.

Baadaye kidogo akaanza kupoteza. Mwanzoni nilidhani ananitania, nikafurahi, kwamba hatimaye mtu huyu kajifunza mzaha. Alimwona mama wa supu akasema yule yuko kwenye Meli. Nikamwambia, yuko Kituo, mdogo wangu, wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha. Akakubali kwa aibu. Kisha fundi asiye na kidole akawa ni fundi wa reli, Tanga, anamjua mpaka mkewe. Kisha soko la Kituo likawa soko la Ngamiani, akanieleza na bei za mchicha. Yale maunganisho aliyokuwa akiyashona moja baada ya moja yakaanza kujishona yenyewe. Kila kitu kikawa ndugu wa kila kitu. Alibonyeza lifti akasimama ndani mlango unafunguka unafunga, hakumbuki anashuka wapi, mpaka Mama Mkongo akamshika mkono akamleta kwangu. Siku ile Mama Mkongo hakusema neno.

Mwanawe akampeleka kwa madaktari. Akarudi akakaa jikoni kwa binti yangu, mtoto mkubwa yule, ana mvi, akalia kama walivyolia msibani wakiwa wadogo. Nami nikalia. Lakini kilio changu kilikuwa na kingine ndani. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani anayejua mume wangu alikwenda kufanya nini Ngamiani siku yangu, na huyo mtu alikuwa anafutika mbele ya macho yangu, leo kofia, kesho mama wa supu. Nikawa nakwenda kwake kila siku, ya Meli na ya Kituo. Zamu niliivunja mimi. Nakaa, namtazama mdomo.

Wakamtafutia nyumba ya wazee, upande wa Rexdale, basi la Islington linatuacha karibu. Pasafi, pana harufu ya supu ya kopo. Siku niliyokwenda mara hii ya mwisho ninayoisema, binti yangu alibaki chini anasaini, mimi nikapanda. Chumba chake kina dirisha la maegesho. Televisheni ipo ukutani, imezimwa. Amekaa kitandani kanyooka, koti la kahawia mabegani, na alikuwa anapembua mchele. Mchele hakuna. Vidole vinatembea juu ya blanketi, vinatenga chuya.

Nikamsalimu. Akajibu vizuri, akaniita shoga. Nikamtazama, nikaona hanioni mimi. Amenifanya mmoja wa wale wanawake aliofanya nao kazi wodini. Akaniuliza kama zamu yangu imeisha. Nikasema imeisha. Akasema basi kaa, nina neno.

Nikakaa. Sikutoa sauti ya mtu yeyote, hata yangu niliipunguza.

"Bwana alikuja leo," akasema. "Akagonga. Nami namsikia ni yeye, lakini adhana imeshapita, siku ya mwenzangu. Nikamwambia nyuma ya mlango, leo si kwangu, nenda."

Vidole vinapembua.

"Akasema nimechoka, kifua kinanibana, nimeona nipumzike. Nipe maji tu. Nikamwambia maji yako kwa mwenzangu. Nikisema nimpe maji, atakaa. Akikaa, nimemuibia mtu siku yake. Mimi si mwizi, shoga. Nikamsikia akaketi kibarazani. Nikasema akipoa ataondoka. Nikaendelea na mchele. Nilipofungua nikamwage chuya, akaniangukia miguuni."

Nikamuuliza, mbona watu wanasema alifia kitandani.

"Nilimburuta mimi na jirani. Tukamlaza, tukamfunika. Mtu mzima hafii mlangoni kama mwombaji. Jirani nikamwapisha."

"Na mwenzio? Anadhani ulimvuta."

"Mwache adhani." Akageuza uso, ile sura yake ndefu, kavu, ya kwenye lifti. "Akinichukia mimi ataishi. Akijua mumewe aliomba maji akanyimwa, kwa ajili yake, atakunywaje maji tena?"

Nilikaa pale. Miaka yote hiyo nimemtengenezea kisa, kila usiku nakitia rangi: udi, dira jipya, mlango unafunguliwa kwa kicheko. Kumbe ule mlango ulifungwa. Ulifungwa kwa ajili yangu. Siku yangu aliilinda mpaka ikamuua mtu tuliyekuwa tunagawana, kisha akajivika wizi ambao hakuiba, akautembeza Tanga nzima, akapanda nao ndege, akanywa nao chai mbele yangu.

Nilitaka kumwambia ni mimi. Nikamshika mkono, akauacha ushikwe. Kisha akaacha kupembua, akatega sikio kwenye mlango wa chumba.

"Bado yuko nje," akasema. "Hajaondoka. Leo siku ya nani, shoga?"

Nikasema, "Leo siku yako."

"Una hakika? Mwenzangu asije akasema."

"Mwenzio kaniambia mwenyewe. Kasema leo afikie kwako."

Akashusha mabega. "Mfungulie, basi. Umpe maji kwanza."

Nikainuka. Kwenye kabati lake mlikuwa na jagi na vikombe vya plastiki. Nikamimina kimoja mpaka juu, mengine yakamwagika kwenye koti langu. Nikafungua mlango wote, ukagonga ukuta. Kwenye korido kulikuwa na kiti, nikakiweka kikombe juu yake. Nilipogeuka, mke mwenzangu alikuwa ameshajivuta mpaka ukutani, ameacha nafasi kitandani.

Mhudumu akapita na toroli la chakula, dada wa Kighana, akaona kikombe, akaniuliza kwa Kiingereza kama ni cha mtu au akitoe. Nikamjibu kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu hakina maneno hayo. Nikamwambia akiache hapohapo, ni maji ya mume wetu.